Msimwite Mwizi Kabla ya Kupima Meza

Kuna kauli iliyozoeleka Bujumbura kiasi kwamba anayeitilia shaka huonekana mgeni wa mji: mchezaji wa pool anayeshinda mfululizo lazima anaiba. Utaisikia Buyenzi, utaisikia Bwiza na Nyakabiga, utaisikia hadi Kamenge na Kinama, kwenye buveti ambazo meza imesukumwa chini ya bati karibu na jiko la mishikaki. Kijana akishinda mara tatu, watu husema ana bahati. Akishinda mara saba, husema ameichezea meza. Akiendelea mpaka taa zinawashwa, wanashusha sauti na kusema ana dawa. Aliyeshindwa hutoa faranga zake huku akiapa mbele ya watu kwamba ameibiwa, na watu humwitikia.

Ipo kauli ya pili inayokwenda pamoja na hiyo, nayo husemwa na watu wazima wenye heshima zao: pool ni mchezo wa wahuni, wizi ndio asili yake, kwa hiyo ni kupoteza muda kuutafutia kanuni. Hili halikuanzia kwetu wala haliishii kwetu. Mwaka 2016, kwa jirani zetu Tanzania, Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi, na wengi waliipokea kauli yake kwa makofi. Kumwambia kijana afanye kazi ni haki ya kiongozi yeyote. Lakini wengi waliopiga makofi walisikia jambo jingine: kwamba meza ya pool yenyewe ni najisi, na anayeishika fimbo ameshajihukumu.

Nazipinga kauli zote mbili. Nazipinga kwa sababu naupenda mchezo huu, na nimeona vijana wenye kipaji wakiuacha kwa kuchoka kutukanwa.

Sisemi wizi haupo. Upo, na nitaueleza ulivyo, maana wengi wanaoupigia kelele hawaujui. Ninachosema ni kwamba kuchakachuliwa kwa vifaa kwenye pool kunazaliwa na utaratibu unaomkabidhi vifaa mtu mwenye maslahi bila mwingine kumtazama. Utaratibu huo ukiwa Manila, Las Vegas au London, huzaa tuhuma zile zile zinazozaliwa Buyenzi. Ukirekebishwa, tuhuma nyingi hukosa pa kushika.

Tuanze na mipira kabla haijapigwa. Kwenye mchezo wa mipira tisa, ambao ndio wa mabingwa wengi wa dunia, mipira hupangwa kwa umbo la almasi, namba moja mbele na namba tisa katikati, na yote inatakiwa igusane. Ikigusana barabara, nguvu ya mpira mweupe hupita kutoka mpira hadi mpira na kundi zima hutawanyika. Ule wa ubavuni kabisa hukimbilia shimo la kona kwa namna ambayo mchezaji mzuri anaweza kuitegemea. Sasa acha nafasi ndogo, upana wa karatasi tu, kati ya mpira wa mbele na miwili inayoufuata. Aliyesimama upande wa pili wa meza haioni. Lakini nguvu humezwa pale pale, mipira hubaki imerundikana, na aliyefungua mchezo kwa pigo la kwanza huondoka mezani bila kutumbukiza kitu. Anayepanga hahitaji chombo chochote cha siri. Vidole vyake vya nyuma vikilegea kidogo wakati anainua fremu ya kupangia mipira, kazi imekwisha. Au husukuma fremu mbele na kuirudisha kwa haraka, mpira wa kwanza ukabaki umetangulia. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa makusudi. Nimewaona wengi zaidi wakifanya hivyo bila kujua, kwa kuwa kitambaa kimechoka mahali pale na kina vijishimo ambavyo mipira huingia yenyewe.

Kwenye mipira kumi na mitano tunayoicheza sisi mambo ni hayo hayo, ila nafasi za kuficha ni nyingi zaidi.

Kuna njia nyingine. Mpira uliopakwa silikoni au nta huteleza zaidi ya kawaida: unapoukata kwa pembeni hautoki kwenye njia ile uliyoizoea, na mweupe huchelewa kushika mzunguko wa nyuma. Alama ya chaki ikikaa pale hasa mipira miwili inapogusana, msuguano huongezeka ghafla, na mpira uliokuwa unakwenda shimoni hupotea njia kana kwamba umesukumwa na mkono. Kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja wa meza hupeleka kila mpira wa taratibu upande mmoja. Vyote hivi vinawezekana, na vyote vinaweza kufanywa na mtu mbaya. Ila kila kimoja kinaweza pia kutokea bila mtu yeyote kukusudia, na macho ya watazamaji hayana namna ya kutofautisha. Hapo ndipo kauli ya mtaani inapoanza kuvunjika. Inadai kujua nia ya mtu, na ushahidi wake ni matokeo peke yake.

Wamarekani wamelipa ada kubwa ya somo hili. Kwa muda mrefu kwenye kumbi zao desturi ilikuwa kwamba aliyeshindwa ndiye anayepanga mipira na mshindi anafungua. Malalamiko hayakwisha: mshindi aliinama kuchungulia nafasi kati ya mipira, akadai ipangwe upya, mpangaji akaona ametukanwa, na mechi ya saa moja ikachukua saa mbili. Baadaye mashindano mengi yakageuza utaratibu, kila anayefungua akajipangia mwenyewe. Je, kelele zilikwisha? Ziligeuka tu. Jana mpangaji alituhumiwa kumharibia mwenzake, leo anatuhumiwa kujitengenezea: kuinamisha kundi kidogo, kubana upande mmoja na kulegeza mwingine ili mpira wa ubavuni uingie kila safari. Wachezaji walikuwa wale wale, kumbi zile zile, zawadi zile zile. Kilichohama ni mkono ulioshika fremu, na tuhuma zikahama pamoja na fremu. Kama wizi ungekuwa tabia ya watu, ungebaki na watu wake. Wanaosema pool ni mchezo wa wezi hawana jibu la jambo hili.

Kisha tazama yaliyompata Corey Deuel. Mwaka 2001 alishinda US Open ya mipira tisa kwa kumfunga Mika Immonen wa Finland 11 kwa 0 kwenye fainali. Matokeo kama hayo yangetokea Bwiza, kijana asingefika nyumbani salama. Deuel alikuwa akifungua kwa kupiga taratibu, wakati wakubwa wote wakifungua kwa nguvu za mwili mzima, kwa sababu aligundua kwamba mipira iliyobanwa vizuri hutumbukiza ule wa ubavuni bila kuhitaji kishindo. Wapo waliolalamika kwamba hiyo haikuwa pool. Lakini hakugusa kitu ambacho wengine hawakuruhusiwa kukigusa. Alisoma vifaa vilivyokuwa mbele ya wote, akavielewa kuwazidi. Waandaaji wenye akili hawakumwita mwizi. Walikwenda kurekebisha kanuni. Yakaja masharti ya idadi ya mipira inayopaswa kuvuka mstari wakati wa kufungua, ikaja karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu ambayo mipira hukaa ndani yake imegusana, na kwenye mashindano ya kampuni ya Matchroom wakaamua namba tisa ndiyo ikae juu ya alama ya meza, namba moja isogee mbele, ili mpira wa ubavuni usiwe zawadi ya bure. Kwenye Kombe la Mosconi, linalokutanisha Ulaya na Marekani tangu 1994, wachezaji hawaigusi kabisa kazi hiyo. Mwamuzi ndiye anayepanga.

Linganisha na snooker, ndugu wa karibu wa pool. Huko kwenye meza za mabingwa mwamuzi ndiye anayepanga mipira, ndiye anayeirudisha kwenye alama zake, ndiye anayefuta mweupe mchezaji akiomba. Mchezaji hushika fimbo yake na chaki yake basi. Miaka nenda rudi snooker imekuwa na kashfa nzito. Mwaka 2013 Stephen Lee alifungiwa miaka 12. Juni 2023 wachezaji kumi wa China waliadhibiwa kwa mpigo, na wawili kati yao, Liang Wenbo na Li Hang, wakafungiwa maisha. Lakini kashfa hizo zilikuwa za nini? Kupanga matokeo na kamari. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kulegeza vidole kwenye fremu wala kupaka mipira nta.

Natambua mpinzani wangu atalishika jambo hili kwa mikono miwili. Atasema: umekubali mwenyewe, hata penye mwamuzi watu wanauza mechi, basi fedha ikiingia, uchafu unaingia. Ni kweli kwamba mwamuzi hamzuii mtu kujiuza. Anayekusudia kushindwa anaweza kukosa shimo huku dunia nzima inatazama. Huo ni ugonjwa mwingine na una dawa zake: kufuatilia kamari, kuhoji, kukagua mawasiliano, kufungia. Tunachobishania hapa ni vifaa. Na kwa upande wa vifaa, fedha ya snooker ni nyingi kuliko yote tutakayowahi kuiona kwenye buveti za Bujumbura, lakini haikuzaa tuhuma za namna hii, kwa sababu hakuna mwenye maslahi anayeachiwa vifaa.

Wapenzi wa ngumi watanielewa upesi zaidi. Tarehe 16 Juni 1983, ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Luis Resto alimpiga kijana aliyekuwa hajawahi kushindwa, Billy Collins Mdogo, mpaka uso wake ukaharibika. Pambano lilipokwisha baba yake Collins, ambaye pia alikuwa kocha wake, alimshika Resto mkono na kuhisi mfupa pale palipotakiwa kuwa na pamba. Glovu zilikuwa zimetolewa sehemu ya ujazo wake. Resto na kocha wake, Panama Lewis, walipatikana na hatia mahakamani mwaka 1986 na kufungwa jela. Collins hakupigana tena. Alikufa kwenye ajali ya gari mwaka 1984, jicho lake likiwa limeshaharibiwa na glovu zile. Ukweli ulipatikana, lakini ulipatikana baada ya madhara.

Sasa sogea hadi Januari 2009, Los Angeles. Antonio Margarito anafungwa bendeji chumbani kabla ya kupambana na Shane Mosley. Kanuni inamruhusu mtu wa upande wa pili kusimama pale na kutazama, na Naazim Richardson, kocha wa Mosley, anatazama. Anaona kitu hakikai sawa kwenye vitambaa vya ndani, anaomba vifunguliwe, vinakutwa vigumu. Bendeji inafungwa upya, pambano linapigwa kwa haki, Mosley anashinda raundi ya tisa, na Margarito ananyang'anywa leseni. Richardson hakuwa na haja ya kumtukana mtu. Hakungoja bondia wake apigwe ndipo alie. Alikuwa na haki iliyoandikwa ya kukagua kabla, akaitumia. Kati ya matukio hayo mawili kilichotofautisha ni jicho la upande wa pili lililopewa nafasi mapema. Ubaya wa mioyo ya watu haukuwa umepungua.

Turudi kwenye meza zetu, maana huko ndiko ninakotaka msomaji anifuate kwa makini.

Chukua meza ya kawaida ya kulipia kwa jetoni. Imewekwa juu ya saruji iliyomiminwa na fundi wa mtaani, saruji ambayo yenyewe ina mteremko ili maji ya mvua yatoke nje. Miguu minne, mmoja umekaa juu ya kipande cha ubao. Weka pimamaji, ile ya fundi mwashi, katikati ya meza: tone la hewa linakimbilia upande. Igeuze robo duara: linakimbia tena. Kisha chukua mpira, uupeleke polepole kwa mkono kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Mwendo wa haraka unakwenda sawa; unapokaribia kusimama unapinda kuelekea shimo la kona moja. Kila anayecheza pale kila jioni anaijua kona hiyo. Mpira wa taratibu kuielekea, ataupiga. Kona ya pili, hatathubutu. Mgeni kutoka Ngagara hajui, anakosa mara tatu kwa unene wa ukucha, na anapoondoka anasema yule kijana ameiba. Kijana hakuiba chochote. Anaijua meza. Aliyemdhulumu mgeni ni mwenye meza ambaye hajawahi kuiweka sawa tangu ilipoingizwa.

Angalia kingo. Raba ya pembeni ikizeeka kwenye joto la bondeni kwetu hukauka na kuwa ngumu, na si pande zote kwa pamoja: upande unaopigwa na jua la jioni hutangulia. Mpira ukigonga huko unarudi kwa pembe nyingine kabisa na ile uliyoitegemea. Angalia kitambaa. Miezi ya mvua unyevu hukilowesha, mipira inakuwa mizito, na hesabu za kiangazi hazifai tena. Pale kilipochanika kimegandishwa kwa gundi, na palipogandishwa mpira unaruka. Angalia mipira yenyewe. Mipira ya pool ya kimataifa ina kipenyo cha milimita 57.15. Ile midogo ya mtindo wa Kiingereza ni milimita 50.8. Meza ikipoteza mweupe wake na kuazima wa seti nyingine, mweupe mzito kuliko wenzake hautulii unapotaka utulie; unagonga na kuendelea mbele hadi unatumbukia, na mwepesi hurudi nyuma bila kuamriwa. Angalia fimbo: nyingine imepinda, nyingine ncha yake ya ngozi imeisha na mbao inagonga mpira uchi.

Katika meza kama hiyo, ni nani anaweza kusimama na kusema kwa hakika kwamba fulani ameiba? Ushahidi wote umechafuliwa kabla mchezo haujaanza. Aliyekosa ana sababu kumi halali za kukosa, na zote zinamilikiwa na mwenye buveti. Lakini mwenye buveti ndiye anayeuza Primus, ndiye mwenye viti, ndiye tunayemsalimia kwa heshima. Hakuna anayemwita mwizi. Lawama inateremka hadi kwa kijana wa miaka ishirini ambaye hana wa kumtetea. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Watu huniuliza kuhusu wale wanaojificha: anayekuja mtaa asikojulikana, akajifanya hajui kucheza, akapandisha dau, kisha akawafilisi watu. Huyo si mwizi? Naomba tutofautishe. Efren Reyes, Mfilipino ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora wa pool aliyewahi kuishi, alipofika Houston mwaka 1985 alijitambulisha kwa jina la Cesar Morales, kwa sababu sifa za jina lake zilikuwa zimeshavuka bahari na hakuna ambaye angekubali kucheza naye kwa fedha. Unaweza kuona ni hila, na unaweza kuikataa kwa dini yako au kwa malezi yako. Mimi mwenyewe sipendi mtu akifilisiwa kwa kudanganywa. Lakini mipira aliyoitumbukiza Houston iliingia kweli, mbele ya macho ya watu, kwenye meza ya wenyeji wake. Mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa kule Cardiff kwa jina lake halisi. Kuficha jina ni jambo moja. Kuharibu vifaa ni jambo jingine, kwa kuwa kunaondoa mchezo wenyewe: mpinzani wako anadhani anacheza nawe kumbe anacheza na nafasi ya upana wa karatasi uliyoificha. Sinema za Kimarekani, kuanzia ile ya Paul Newman ya mwaka 1961, zimetufundisha kuyachanganya hayo mawili, na mtaani tumeyachanganya zaidi.

Na kuhusu dawa, nitasema kifupi. Anayeamini kwamba mpira huingia kwa hirizi hawezi kushindwa kwenye mabishano, kwa sababu hakuna kipimo atakachokikubali. Namwomba tu jambo moja: apime meza kwanza. Ikikutwa imelala sawa, mipira ni ya seti moja na mpangaji ni mtu wa kando, halafu kijana bado anashinda, basi aongeze mazoezi.

Pingamizi linalobaki ndilo lenye uzito. Watu husema: mwamuzi ni gharama, huko Ulaya wana televisheni na wadhamini, sisi tuna uhaba wa mafuta na umeme unaokatika. Hata Tanzania, ambako bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa ya pool, au Uganda ambako Nile Special imefanya hivyo, kulikuwa na fedha ya kuanzia. Nakubali hatuna fedha hiyo. Lakini tazama kinachohitajika. Pimamaji ni kifaa ambacho kila fundi wa Buyenzi anacho. Kabari za mbao za kusawazisha miguu, seremala atazichonga kwa malipo ya chai. Kitambaa safi cha kufuta mipira kabla ya kila mechi kipo jikoni. Na mpangaji wa mipira tayari amesimama pale: kila meza ina mtu anayesubiri zamu, jetoni mkononi. Huyo ndiye apange, maadamu hajaweka faranga zake kwa upande wowote. Wachezaji wawili wainame watazame, kila mmoja aseme amekubali, na baada ya neno hilo mdomo ufungwe. Haki ya kulalamika iwe kabla ya kufungua. Baada ya kufungua hakuna haki ya kulalamika, kuna haki ya kushindwa.

Hayo hayahitaji shirikisho, hayahitaji mdhamini, hayahitaji amri ya serikali. Kinyume chake, amri za kufungia meza ndizo zinazozidisha tatizo, kwa sababu meza iliyofukuzwa barazani huingia chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma hakina mtu wa kando wa kutazama. Mzazi anayetaka mwanawe asiibiwe na asiibe angetaka meza ikae mahali peupe.

Na penye tuhuma ya kweli, tufanye kama walivyofanya wenzetu wa snooker. Miongoni mwa wale kumi wa mwaka 2023 alikuwamo Zhao Xintong. Chama kilichunguza, kikamsikiliza, kikaona hakuuza mechi yake mwenyewe bali alihusika katika mpango wa mwenzake na alicheza kamari kwenye snooker; alikiri, akafungiwa miezi 20. Adhabu yake haikuwa sawa na ya waliofungiwa maisha, kwa kuwa kosa lake halikuwa sawa na lao. Muda ulipokwisha akarudi, na Mei 2025, kwenye ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, akamfunga Mark Williams 18 kwa 12 na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka China. Kuna waliomkasirikia hadi leo, na wana haki yao. Lakini kosa lake lina jina, lina ukubwa, lina mwanzo na lina mwisho.

Kijana wa mtaani kwetu hana bahati hiyo. Shtaka lake halina siku, halina shahidi, halina kipimo, na halina mwisho. Anaitwa mwizi akiwa na miaka kumi na tisa, na akiwa na thelathini bado yupo anayemnyooshea kidole sokoni. Wengine huacha. Wengine, na hawa ndio wanaonihuzunisha, huamua kwamba kama jina limeshapakwa basi na tendo lifuate, wakaanza kulegeza vidole kwenye fremu kwa kusudi. Mtaa uliomtuhumu bure unapata mwizi wa kweli, kisha unajisifu kwamba ulijua tangu mwanzo.

Wewe mwenye buveti unayesoma haya, meza ni mali yako na aibu yake ni yako: iweke sawa wiki hii, tupa mpira usio wa seti, badilisha ncha za fimbo. Nawe unayeandaa mashindano ya mtaa, kabla ya kukusanya viingilio taja mbele ya wote nani atapanga mipira, na umruhusu kila mchezaji kukagua. Na wewe uliyeshindwa jana usiku na kuondoka ukiapa kwamba umeibiwa, kama hukuomba kuitazama meza kabla ya kuanza, nenda ukamwombe radhi yule kijana.